Mchoro wa vyombo vya baharini maji yamekupwa, Moshi: mchoro safi, fremu majanga

Haya, mlioniuliza ule mchoro wa sebuleni nimeutoa wapi, nimeununua duka moja la michoro hapa Moshi mjini, niliingia tu kukwepa mvua. Ukutani ni yale yale, tembo na Kilimanjaro, twiga na Kilimanjaro, Wamasai wamejipanga, tingatinga za kumwaga, sasa kwenye kona karibu na mlango nikauona huu, rangi za maji kwenye karatasi, mdomo wa mto maji yamekupwa na vyombo vimekaa topeni. Miguu ikagoma, maana mie nimekulia Pangani, pale mto unapoingia baharini.

Kilichonimaliza ni tope. Yaani hakuna rangi nyeupe popote, ule mng'ao wa tope bichi ni karatasi yenyewe kaiacha wazi, af kijivu na kahawia kaviachia viingiliane vikiwa bado vimelowa. Na vyombo anavijua huyu mtu. Dau kalilaza ubavu ila ngalawa mbili kaziacha wima, si ngalawa ina mirengu yake, yale mbao ya kuiegemeza pembeni, huku na huku, maji yakitoka hailali kama dau, wachoraji wengi hapo ndo wanachemka, wanazilaza zote au zote zinaelea juu ya tope kama mizimu. Hadi kamba ya nanga imelegea imelala chini, nikacheka peke yangu.

Kijana wa dukani ananiambia "Zanzibar hiyo mama". Nikamwambia mwanangu, Unguja mto wa upana huo umetoka wapi? Mchoraji hamjui, chini kuna herufi mbili tu. Mie nasema ni Pangani, kile kilima ng'ambo ni upande wa Bweni, ubishe usibishe. Na maji ya mto ule yanatoka huku huku kwetu, mito ya Kikuletwa na Ruvu inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu ndo mto Pangani unaanza safari ya baharini, kwa hiyo ukuta wa Moshi unaustahili kabisa.

Alianzia laki mbili, tukavutana mpaka laki na nusu.

Sasa fremu, daah. Wiki ya pili tu karatasi imejikunja mawimbi, nikafungua nyuma nakuta katoni ya mafuta ya kula na kioo kimegandamizwa juu ya rangi bila hata kadi ya kuvitenganisha, na masika hii ya Moshi unyevu unaenda wapi? Af anga la juu kulia limepauka, lilikuwa linapigwa jua la mlangoni. Nikarudi, naambiwa "mama, sisi tunauza mchoro, fremu tumekupa ofa". Ofa! Fundi mwingine kanikatia kadi na kufunga upya kwa elfu thelathini.

Mchoro nyota tano, duka mbili. Mkienda mwambieni autoe kwenye fremu muuone kabla hamjatoa hela, na ule mwingine wa jahazi pale juu ya kaunta msiuguse, tanga limejaa upepo huku na bendera inapepea kule.