Buti za kuzamia: soli laini au soli ngumu?

Ukiingia baharini kwa miguu juu ya mawe ya matumbawe, mtungi mzito mgongoni, angalia soli kwanza. Buti za soli laini ni nyepesi, hukunjika mkobani na zinafaa sana ukizamia kutoka kwenye boti. Ila kila ncha ya jiwe utaihisi unyayoni.

Soli ngumu ya mpira yenye meno hukinga unyayo, na shingo ya buti hufunika kifundo. Penye mwani nayo huteleza, kwa hiyo kanyaga taratibu. Ijaribu dukani pamoja na mapezi ya kisigino wazi (yale ya kuogelea yanayovaliwa juu ya buti), maana buti isipoingia vizuri imekula kwako.

Milimita 3 au 5 zinazotajwa kwenye buti ni unene wa neoprini, yaani mpira laini ulioshonwa buti yenyewe, si wa soli. Kwa maji ya Mombasa au Unguja, mimi nachukua milimita 3 zenye soli ngumu.