Kikata video cha kwenye brauza kimeniaibisha kwa wakwe

Sitaitaja jina hii saiti, ila mkikutana na kitufe chao cha kukata haraka kikimbieni.

Nilikuwa na video ya sendofu ya mdogo wangu, fundi kaleta safi kabisa, shida ni pale katikati shangazi alipompokonya MC maiki akaanza mambo ya mahari mbele ya wakwe. Kipande chenyewe hakifiki hata dakika mbili. Kompyuta yangu haibebi programu kubwa, nikaona acha nitumie brauza, unafungua ukurasa, unavuta alama mbili, unafuta katikati, unasevu. Nikaicheza palepale kabla ya kusevu, shangazi hayupo, MC anaongea, keki inaingia, nikatuma kwenye grupu la familia zote mbili.

Weee! MC akimaliza tu huyo shangazi katokea, sekunde chache hivi, "...na mahari yenyewe bado hamjamaliza!", kisha keki. Yaani maelezo yote yameondoka limebaki tusi tupu, bora ningeiacha nzima. Mama mkwe wa mdogo wangu kaandika "Asante tumeiona" bila emoji hata moja, na yule mama huwa anaweka maua mpaka kwenye tangazo la msiba.

Nikawaandikia kastama kea. "Mpendwa mteja, tatizo ni simu iliyorekodi, jaribu kurifreshi ukurasa." Simu gani, nimekwambia ni kamera ya fundi! "Jaribu kurifreshi ukurasa." Nikamuuliza wewe ni mtu au mashine, akafunga chati. Akafunga!

Fundi ndiye aliyenielewesha, na hapo ndo nikazidi kuchemka. Video haihifadhi kila picha nzima, inaweka picha moja kamili halafu zinazofuata zinabeba yaliyobadilika tu, mpaka ifike picha kamili nyingine. Ukikata haraka bila kuitengeneza video upya, kipande kinachofuata lazima kianzie kwenye picha kamili, kwa hiyo kinarudi nyuma kuitafuta, na kinarudi na mkia wa kile ulichofuta. Programu nyingine za kubana video zinaruhusu mpaka fremu 250, yaani picha 250, kati ya picha kamili na nyingine, kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni sekunde 10 nzima za shangazi! Sasa wao wanalijua hili, kwa nini kwenye kuangalia wanionyeshe pamekatika sawasawa?

Ila nisiwasingizie, kitu kimoja wamenifurahisha. Faili halipandi kwenye seva yao, kazi yote inafanyika humohumo kwenye brauza, bando langu halikuguswa na video ilikuwa na zaidi ya GB moja. Kwingine unapandisha faili mpaka usingizi unakupitia, halafu mwisho wanakupigia logo yao katikati ya uso wa bibi harusi. Na kuna sehemu ya kukata kwa usahihi, wameificha kwenye mipangilio, nikaiwasha, ikachelewa kweli na feni ya kompyuta ikalia, lakini shangazi katoka wote na picha haijaharibika.

Kwa hiyo nyota nne. Ngoja, nikimkumbuka yule wa kurifreshi, tatu. Mbili, na hizo mbili ni za bando.