Damu kibao, jeraha hakuna

Gemu hii ya vita nimeifuta kwenye kompyuta na sitairudisha. Jina silitaji, ila mliovutwa na lile tangazo la majeraha halisi mtaijua tu.

Kilichonikera ni paja. Kwenye misheni ya darajani mwenzangu kapigwa risasi ya paja, na walichochora hapo kinatisha: nyama imechanika, mfupa mweupe uko nje, damu inaruka kwa kufuata mapigo ya moyo. Mikono ilinitetemeka. Nikabonyeza kitufe cha bendeji, kimstari kikajaa, jamaa akainuka akakimbia. Anakimbia! Mfupa uko nje na anapanda ngazi, bunduki begani.

Kaka yangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda, akavunjika paja hilohilo. Akalala wodini mguu umefungwa uzito, ikaja operesheni, yakaja magongo, na hadi leo baridi ikizidi anachechemea. Kwa hiyo mtu asiniambie ni gemu tu. Waliochora kidonda kile wanaujua mwili vizuri, halafu wakaona kuumia kunaishia kwenye picha.

Na si kwamba haiwezekani gemu kufuata jeraha hadi mwisho. Gemu ya Dwarf Fortress, ya ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, ipo tangu 2006, na kwa miaka mingi ilikuwa herufi tupu kwenye skrini. Humo pigo linapita ngozi, linapita mafuta, linaingia kwenye msuli hadi mfupani. Mshipa wa fahamu ukikatika, mkono haushiki kitu tena. Aliyevunjika mguu anaungwa mfupa na kupewa gongo, na kidonda kisipooshwa kwa sabuni kinaweza kuoza. Sabuni! Enzi hizo za herufi hakukuwa na tone la damu lililochorwa, lakini nimewahi kuhangaika usiku kucha nikitafuta namna ya kutengeneza sabuni ili mgonjwa asinifie.

Gemu ya RimWorld nayo, iliyokamilika 2018, maambukizi na kinga ya mwili vinashindana kufika asilimia 100. Kinga ikichelewa, mgonjwa amekwenda, labda uwahi kumkata mguu. Mpishi wangu wa humo gemuni alikufa hivyo, kinga ikiwa imebakiza kidogo sana. Nilizima mashine kwa hasira, ila hasira ile ilikuwa ya haki. Nilirudi nikajenga zahanati kwanza, ghala baadaye.

Huku kwenye hili gemu la mapaja ya ajabu niliwaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, nikaeleza risasi, nikaeleza mbio. Wakanijibu nisasishe programu ya kadi ya michoro. Yaani mtu anakimbia na mfupa uliovunjika, na kwao tatizo ni kadi yangu!

Nilipania kuwapa nyota moja. Lakini haki yao niwape: jinsi majeruhi anavyohema kabla hujamfikia, sijasikia kwenye gemu nyingine yoyote, na kwa muda ule mfupi niliamini kabisa kwamba mtu anakufa mbele yangu. Basi ziwe mbili.

Hapana. Wanaoweza kunifikisha pale hawana kisingizio cha kumfufua mtu kwa kitufe. Moja, tena ya shingo upande. Muda wa kudai pesa kwa taratibu zao umeshapita, ila nimeomba warudishe hivyohivyo, na sababu nimeandika neno moja: paja.