Walinifungia mlango wa mkutano wa kuacha pombe, na bado nakwambia nenda

Mambo haya yalitokea miezi kadhaa iliyopita, na hasira bado haijaniisha. Maelezo ya mikutano hii yamejaa kwenye intaneti, kasome huko. Mimi nina neno na mlango.

Kabla ya kufika pale nilipiga namba iliyokuwa kwenye orodha ya mikutano yao. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena kesho yake, ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu sikupiga, nilikwenda. Nilioga, nikanyoosha shati, nikajitazama kwenye kioo mpaka nikaridhika kwamba sifanani na mtu wa pombe. Tangu alfajiri sikuwa nimeonja hata tone, na mikono ilinitetemeka hadi nikaificha mifukoni. (Hapa nisimame kidogo, maana hakuna aliyeniambia: kama unakunywa kila siku na kwa wingi, usikate ghafla bila kumwona daktari. Mwili unaweza kupata degedege, na watu hufa. Mikutano hii si hospitali.)

Mlangoni alikuwepo mzee mmoja ameshika funguo.

“Leo umefungwa,” akasema.

“Mbona nasikia watu ndani?”

“Ndiyo, wapo. Lakini umefungwa. Ni wa wenyewe.”

“Wenyewe akina nani?”

“Walevi,” akajibu, tena kwa sauti, na watu wanapita kwenye korido. Kisha akaniangalia lile shati. “Wewe mgeni, njoo siku ya mkutano wa wazi.”

Nilichotakiwa kusema pale ni kifupi: na mimi ni mlevi. Sikuwahi kulitamka neno hilo, hata nikiwa peke yangu. Sasa nilitamke koridoni, mbele ya mtu mwenye funguo? Nikasema, “Asante, mzee,” nikageuka. Usiku ule nilikunywa kuliko nilivyokunywa mwezi mzima.

Baadaye sana ndipo nikaelewa. Mkutano “wazi” anaingia yeyote: ndugu, mwanafunzi, mtu anayetaka kujua tu. “Uliofungwa” ni wa watu wenye shida na pombe. Yaani ulikuwa wangu! Nimefukuzwa kwenye mkutano uliowekwa kwa ajili yangu, kwa sababu ya neno ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu akilisikia mlangoni anaelewa kwamba arudi nyumbani. Alcoholics Anonymous, ambayo mikutano mingi ya aina hii imeiga kwake, ilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, kwa walevi wawili kukaa na kuzungumza, mmoja mtu wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji. Katika desturi zao 12, ya tatu inasema sharti la kuwa mwanachama ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Sijaona palipoandikwa kwamba shati lililonyooshwa linamtoa mtu.

Nilikuwa nimeapa kuandika kwamba mikutano hii haifai. Siwezi. Nilianza kusikiliza mkutano wa mtandaoni, kamera nimeizima, halafu nikapata kikundi kingine. Huko mama mmoja aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yake akasema, “Karibu mwanangu, kaa. Ikifika zamu yako na huna la kusema, sema unapita.” Basi. Hakuniuliza jina. Kikapu cha mchango kilipita, asiyekuwa na kitu akakipitisha. Aliyezungumza hakukatizwa wala kupewa ushauri. Akainuka baba mmoja akaeleza jinsi alivyokuwa akilamba dawa ya meno nje ya mlango wa nyumba yake, gizani, ili mtoto akija kumkumbatia asisikie harufu. Nilitazama sakafu. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa na tyubu ile mfukoni.

Zamu yangu ilipofika nilisema napita. Wiki iliyofuata pia. Ya tatu nilitaja jina langu, nikalisema na lile neno.

Wanaokwazwa na habari za Mungu ndani ya hatua 12 za kuacha pombe za Alcoholics Anonymous, vipo vikundi kama SMART Recovery visivyozitumia. Moyo wako ukikikataa kimoja, jaribu kingine. Hilo nalisema kwa moyo mweupe kabisa.

Lakini nilirudi kwa yule mzee. Ana miaka mingi bila pombe, na najua sasa kwamba alikuwa akiwalinda waliomo ndani wasichunguliwe na watu wa nje. Jambo jema. Nikamweleza siku ile. Akafikiri, akasema, “Samahani mwanangu, sikukumbuki.” Nilitegemea kusamehe, badala yake hasira ikapanda upya. Wangapi wengine hawakumbuki? Mimi nilirudi. Kuna ambaye siku yake ya kuja ilikuwa ile moja tu.

Juzi nimeitazama orodha yao. Bado imeandikwa “umefungwa”. Futeni hilo neno. Andikeni: “Kama pombe imekushinda, ingia.” Na ile namba ya simu, kama hakuna wa kuipokea, itoeni.