Tahadhari: Fleti ya Likizo Barcelona Iliyouzwa kwa Picha za Nyumba Isiyokuwepo

Ndugu zangu mnaopanga kwenda Barcelona likizo ijayo, hasa ninyi mnaosafiri na wazazi au watoto, naomba msome tahadhari hii kabla hamjamtumia mtu yeyote kianzio cha fleti. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 familia yangu ilitapeliwa euro 1,064 kwa ajili ya nyumba ambayo haipo, na mbinu iliyotumika kwetu bado inatumika kwa wengine. Sitalitaja jina alilolitumia tapeli huyo, kwa sababu naamini kwamba jina hilo pamoja na kitambulisho alichotutumia ni vya mtu mwingine asiye na hatia, ambaye naye aliibiwa kabla yetu.

Sisi tunaishi Ujerumani. Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, na kwa kuwa viza yake ya Schengen ilimruhusu kuingia Uhispania pia, tuliona tumpeleke mahali penye jua na bahari ili asirudi nyumbani na habari za mvua peke yake. Tulikuwa wanne: mama, mume wangu, mimi na mtoto wetu wa miaka 9. Tulitafuta fleti katika mtaa wa Eixample, karibu na kanisa la Sagrada Família, kwa sababu miguu ya mama haimruhusu kutembea mwendo mrefu na alitamani kuliona kwa macho yake jengo hilo ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1882 na mafundi wangali juu yake.

Tangazo tuliliona kwenye tovuti inayojulikana: vyumba viwili, jiko la vigae vya kijani, roshani inayotazama bahari, euro 160 kwa usiku. Fleti nyingine za eneo hilo kwa tarehe zile zilikuwa karibu mara mbili ya bei hiyo, na hapo ndipo nilipopaswa kusimama, lakini nilijiambia kwamba tumebahatika. Baada ya saa moja mwenye tangazo alinijibu kwa adabu nyingi. Alisema tovuti inamkata kamisheni kubwa, na kwamba tukimalizana kwa WhatsApp angetupunguzia hadi euro 140. Alinitumia picha ya kitambulisho chake, mkataba wa kurasa mbili wenye mhuri, kisha kiungo cha ukurasa wa malipo. Ukurasa huo ndio ulionimaliza. Rangi, nembo na hata namna ya kupanga maandishi vilifanana na vya tovuti ile niliyoizoea, na tofauti ilikuwa kwenye anwani iliyo juu, ambako jina la tovuti lilikuwa limeunganishwa kwa kistari na maneno mengine. Sikuitazama anwani. Nilikuwa naitazama saa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuniambia kwamba kuna familia nyingine inayosubiri na kwamba angetushikia nafasi hadi jioni tu.

Tulilipa nusu siku ile ile kwa kuhamisha pesa benki, na nusu ya pili wiki moja kabla ya safari, pamoja na euro 84 alizoziita kodi ya watalii. Aliihesabu kodi hiyo kwa watu wanne. Baadaye nilipoisoma sheria ya Catalonia, jimbo la Uhispania ambamo Barcelona imo, niliona kwamba mtoto wa miaka 16 au chini ya hapo halipiwi kodi hiyo kabisa, jambo ambalo mpangishaji wa kweli analijua, kwa sababu yeye ndiye anayewajibika kuikusanya na kuiwasilisha serikalini.

Tulifika usiku, saa nne na nusu hivi. Tulishuka treni kituo cha Passeig de Gràcia, tukachukua teksi kwa ajili ya mama, tukateremshwa mbele ya mlango mkubwa wa chuma na kioo. Anwani tuliyopewa ilisema ghorofa ya saba, mlango wa kwanza. Kando ya mlango palikuwa na ubao wa kengele wa shaba, na kila kengele imeandikwa ghorofa na mlango wake kwa Kikatalani: Entresòl, Principal, kisha 1r, 2n, 3r, 4t, 5è, na juu kabisa Àtic. Niliusoma ubao ule kutoka chini kwenda juu mara tatu nikiitafuta namba saba. Haikuwepo. Simu ya mwenye nyumba, ambayo mchana ule ule ilikuwa imejibu ujumbe wangu kwa kunitakia safari njema, sasa haikupatikana. Mama alikaa juu ya sanduku lake bila kusema neno.

Mama mmoja mtu mzima anayeishi katika jengo hilo alirudi na mbwa wake, akatuona, na kabla sijamaliza kumwonyesha karatasi yangu akatikisa kichwa kwa huzuni na kuninyooshea vidole vitatu. Kwa Kihispania chake cha taratibu nilimwelewa kwamba sisi tulikuwa familia ya tatu tangu mwezi Juni kusimama mlangoni pale na anwani hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyempigia simu jamaa yake mwenye nyumba ya wageni ndogo, nasi tukapata chumba kimoja cha kulala wote wanne. Mungu ambariki.

Usiku huo, tukiwa chumbani, mama aliomba nimwonyeshe picha za ile fleti. Alizitazama kwa utulivu, akaivuta karibu picha ya jiko, akauliza: "Mwanangu, mbona soketi yao ni kama yetu ya Tanga?" Ilikuwa kweli. Juu ya meza ya jiko palikuwa na soketi ya mraba yenye matundu matatu, ya Kiingereza, kama zilizoko Tanzania, Kenya na Uganda. Uhispania inatumia plagi ya pini mbili za mviringo. Picha zile hazikupigwa Barcelona wala mahali popote Uhispania. Na roshani ya kutazama bahari nayo ilikuwa ushahidi, maana Eixample ni mtaa wa vitalu vya majengo yenye urefu unaokaribiana, uliochorwa na mhandisi Ildefons Cerdà mwaka 1859, na kutoka katikati yake dirisha la kawaida linatazamana na madirisha ya jirani.

Nimejifunza pia kwa nini matapeli wa fleti wanaupenda mji huu. Tangu mpango wa malazi wa mwaka 2017 Barcelona imefunga mlango wa kuongeza leseni za fleti za watalii, na mwezi Juni 2024 meya Jaume Collboni alitangaza kwamba leseni 10,101 zilizopo hazitahuishwa zitakapofika ukomo, ili ifikapo Novemba 2028 fleti hizo zirudi kuwa makazi ya wenyeji. Wenyeji wana haki ya kudai hivyo, kwa kuwa kodi za nyumba zimewaelemea. Lakini matokeo yake kwa mgeni ni kwamba fleti halali ni chache, watu wanaozitaka ni wengi, na yule anayetafuta nafasi ya Agosti, au ya wiki ya sikukuu ya jiji, La Mercè, mwezi Septemba, au ya siku za maonyesho makubwa ya simu, huwa tayari ameshikwa na wasiwasi kabla hajaanza kuzungumza na mtu.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa ni namba ya leseni. Kila fleti ya watalii iliyosajiliwa katika mkoa wa Barcelona ina namba inayoanza na herufi HUTB, kistari, kisha tarakimu, na sheria inamtaka mwenye nyumba aionyeshe kwenye kila tangazo. Herufi ya mwisho ndiyo inayotaja mkoa: HUTG ni ya Girona na HUTT ni ya Tarragona, kwa hiyo ukiiona mojawapo kwenye fleti inayodaiwa kuwa Eixample, achana nayo. Halmashauri ya jiji ina ukurasa ambao unamwezesha mtu yeyote kuhakiki kama fleti ina leseni. Usiishie kuona kwamba namba ipo, kwa sababu namba huibwa kutoka matangazo ya watu wengine. Hakikisha kwamba mtaa, namba ya jengo, ghorofa na mlango vinalingana na ulivyoambiwa. Mwenye nyumba akikataa kukupa ghorofa na mlango hadi umlipe, basi hujui unalipia nini. Na anayekupangishia chumba kimoja tu ndani ya nyumba yake kwa siku chache atiliwe shaka vilevile, kwa maana Barcelona hairuhusu kupangisha vyumba hivyo kwa muda usiozidi siku 31.

Kuhusu malipo nitasema kwa mkazo zaidi kwa sababu ndipo tulipoumia. Ukilipa ndani ya tovuti uliyoona tangazo, kwa kadi, una mahali pa kulalamikia na benki ina njia ya kuirudisha pesa. Ukihamisha pesa moja kwa moja kwenye akaunti, pesa hiyo imekwenda kama pesa taslimu. Akaunti tuliyopewa ilianza na herufi LT, yaani ilifunguliwa Lithuania, wakati akaunti za Uhispania huanza na ES. Hilo peke yake halimfanyi mtu kuwa mwizi, lakini mwenye nyumba anayesema amezaliwa na kukulia Barcelona anapaswa kuulizwa. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia euro zinalazimika kulinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti kabla ya pesa kuondoka. Sheria hiyo ilitukuta tumekwisha kulizwa. Ninyi mnayo, basi benki ikiwaonya kwamba jina halilingani, msibonyeze kuendelea hata kama yule wa upande wa pili anawaambia kwamba akaunti ni ya mhasibu wake.

Jambo jingine linalotuumiza hadi leo ni pasi za kusafiria. Tapeli alituomba picha za pasi za watu wote wanne, nasi tukampa, kwa kuwa tulikuwa tumesikia kwamba sheria ya Uhispania inamtaka mpangishaji aandikishe wageni wake. Ni kweli inamtaka aandike taarifa zao, yaani jina, namba ya pasi, tarehe ya kuzaliwa na nyinginezo, lakini haimtaki akae na picha ya pasi nzima ndani ya simu yake. Taarifa hizo zinaweza kuandikwa kwenye fomu mkishafika. Msitume picha ya pasi kwa WhatsApp kwa mtu ambaye hamjakutana naye.

Kwa ndugu mnaoomba viza mkiwa Dar es Salaam au Nairobi, utapeli huu una sura ya pili. Ubalozi unataka uthibitisho wa mahali mtakapofikia, na wapo mawakala wanaouza karatasi za malazi zilizotengenezwa mezani, mara nyingine kwa kutumia fleti hizi hizi zisizokuwepo. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi, na zaidi ya hapo karatasi ya uongo inaweza kukuharibia maombi yatakayofuata. Wekeni nafasi katika hoteli inayoruhusu kughairi bila malipo, mpigie hoteli yenyewe simu kwa namba mliyoitafuta wenyewe, na muulize kama jina lenu limo.

Aliyekwisha kulipa asipoteze saa hata moja kwa kubishana na tapeli. Apige simu benki kwanza na kuomba pesa izuiwe, apige picha za skrini za tangazo na mazungumzo yote kabla hayajafutwa, kisha aende polisi. Barcelona wanaoshughulikia mambo hayo ni Mossos d'Esquadra, polisi wa Catalonia, nao wana kituo mtaa wa Nou de la Rambla, karibu na barabara maarufu ya La Rambla yenyewe. Karatasi utakayopewa baada ya kuandikisha malalamiko inaitwa denúncia. Dai nakala yako yenye mhuri, kwa sababu benki yetu haikutaka kutusikiliza hadi tulipoiwasilisha. Hatukurudishiwa pesa. Benki ilisema tuliidhinisha malipo wenyewe. Mkiwa njiani kwenda kituoni, au mmesimama barabarani na mizigo kama tulivyosimama sisi, mtu mmoja kati yenu asifanye kazi nyingine ila kulinda mabegi, maana eneo hilo lina wezi wa mifukoni wanaomsubiri mgeni aliyechanganyikiwa.

Naandika sasa kwa sababu juzi nimeziona tena picha zile zile. Safari hii fleti inadaiwa kuwa mtaa wa Poblenou, hatua chache kutoka ufukweni, jina la mwenye nyumba limebadilika, na bei ni euro 130 kwa usiku. Nimeiripoti kwa tovuti na ninasubiri iondolewe. Hadi hapo itakapoondolewa, mkikutana na jiko la vigae vya kijani lenye soketi ya mraba ya matundu matatu juu ya meza, upande wa kushoto wa birika, ndilo hilo.