Nyota za Msimbati: nenda siku za giza, lakini yaangalie maji

Anayeniuliza pa kutazama nyota hapa Mtwara namwelekeza Msimbati. Ni kilomita 40 na ushei kutoka mjini kwa njia ya Madimba, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mwanga wa mji unabaki mgongoni, upande wa magharibi. Kinachopunguza uzuri wake ni taa za mitambo ya gesi. Sogea mpaka mivinje izizibe.

Msimu ni Juni hadi Oktoba. Mvua zetu zinaanza Desemba, kwa hiyo hata vimondo vya tarehe 13 na 14 mwezi huo mara nyingi vinamezwa na mawingu. Chagua siku za giza: siku nne au tano kabla ya mwezi kuandama, na nyingine chache baada yake, maana mwezi mchanga huzama mapema.

Hapo ndipo wageni wanapokosea. Siku za giza ndizo siku za bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kupwa sana. Jua na mwezi vinavuta maji kwa pamoja, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Mwezi unapoandama, maji hupwa kabisa karibu saa nne usiku na kujaa karibu saa kumi alfajiri. Ukifika saa tatu utakuta mchanga mpana, mgumu, umelowa, unatamani kutandika mkeka papo hapo na kuegesha gari pembeni. Usithubutu. Tafuta utepe wa mwani na vipande vya matumbawe ulioachwa na maji ya alasiri, panda juu yake hatua kumi nyingine, ukae mbele ya mivinje na si chini yake. Kama huna ratiba ya maji, muulize mvuvi yeyote: "Shikamoo mzee, leo bamvua au maji mafu?" (maji mafu ni yale yasiyojaa wala kupwa sana). Atakupa saa kamili.

Giza hilo hilo ndilo wavuvi wa dagaa wanalolingojea, kwa hiyo huenda ukaona taa zao baharini. Zipe mgongo. Macho yanahitaji nusu saa kuzoea giza, na tochi moja nyeupe inakurudisha mwanzo. Funga tochi kwa kitambaa chekundu mikunjo miwili.

Mwanzoni mwa Agosti, saa tatu usiku, kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, kiko karibu na utosi, kimeinama kidogo kusini, kundi la nyota la Nge kando yake. Chini kusini-magharibi ni Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, ikilala ubavu, na nyota angavu ya Rijili Kantori juu yake kushoto. Ikifika saa nane, Kilimia kimeshachomoza upande wa bahari, kashada kadogo ka nyota, na darubini ya macho mawili ya 7x50 (inayokuza mara saba) inakafumua kuwa makumi. Watu wanasifia Ziwa Tekapo la New Zealand, na wana haki: liko mita 710 juu ya bahari, na eneo lake lilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la giza. Lakini kitovu cha Njia Nyeupe hakipandi kule juu kuliko huku kwa tofauti ya maana, na usiku wa Julai kule ni barafu. Huku shuka na kikoi vinatosha.

Tunachozidiwa ni hewa kavu. Yetu ina umande na chumvi, na kioo cha simu kinafifia ndani ya dakika chache. Usikifute kikavu, chumvi inakwaruza: lowesha pamba kwa maji yasiyo na chumvi, pitisha taratibu, kisha kausha. Kwa picha, weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 hadi 3200, muda wa kupiga sekunde 15, fokasi ya mbali kabisa, na kihesabu cha sekunde 3 ili kidole kisitikise. Kama huna stendi, egemeza simu kwenye kifuu cha nazi kilichozikwa nusu mchangani, maana upepo wa kusi unaangusha chochote kilichosimama wima.

Kiingilio cha hifadhi lipia mchana. Usafiri wa kurudi panga kabla hujatoka mjini. Bodaboda akubali kukusubiri hadi alfajiri, na bei muiseme yote, pamoja na kusubiri. Gari likikwama kwenye mchanga laini, usikanyage mafuta, tairi zinazidi kuchimba. Punguza upepo wa tairi zote nne, fukua mbele yake, laza makuti makavu, toka polepole kwa gia ya pili.