Mama anayekuna nazi: kazi tatu nilizonunua kwa fundi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa

Ukitoka Ngomeni ukaingia Ndia Kuu, yapite yale maduka yenye twiga na vifaru waliopangwa safu. Pinda kichochoro cha kuelekea Kibokoni, ufuate mlio wa patasi. Karakana ni chumba kimoja chini ya nyumba ya zamani, na mwenyewe ni mzee ambaye jirani zake wote humwita Ami, nami nikamwita hivyo hivyo. Anachonga, anachora picha za rangi, na anabuni nembo na vibao vya maduka. Mwaka huu nimenunua kwake kila aina moja.

Nilianza na sanamu. Ni mama aliyekaa juu ya mbuzi, kile kigoda chenye meno ya chuma, anakuna nazi, urefu wa shubiri mbili hivi. Mimi nakuna nazi tangu nina miaka minane, na nimeona sanamu nyingi ambazo aliyezichonga ni dhahiri hajawahi kukalia mbuzi. Huyu anajua. Kizio hakikushikwa wima. Kimelazwa upande kidogo, vile mtu anavyokigeuza nyama inapokaribia kwisha, ili meno ya mbuzi yasifike kwenye kifuu tui likaingia vidoadoa. Bega la kulia limeshuka. Kidole gumba cha mguu kimekaza chini. Leso haikutiwa nakshi yoyote. Ameacha tu alama za patasi bila kuzipiga msasa, na ukipitisha mkono unazihisi kama mikunjo ya kitambaa.

Ni mti wa mwarobaini. Nilipomuuliza mbona si mpingo, akanijibu, "Mwanangu, mpingo wa unene huo leo nautoa wapi?" Kweli. Mpingo na muhugu wachongaji wetu wameutumia miaka na miaka hadi umekuwa adimu, na mafundi wa Changamwe pia siku hizi wanashika mwarobaini na mwembe. Mwarobaini hukua upesi na uchungu wake wadudu hawaupendi, ila usipokauka sawasawa hupasuka. Wangu ulipasuka. Mwezi wa pili ukatokea ufa mwembamba kama uzi kwenye kitako. Nilimrudishia, akauziba kwa nta iliyochanganywa na unga wa mbao ile ile, wala hakunitoza kitu. Lakini kwa shilingi 14,000 nilitarajia mti uliokwisha kukauka, na nilimwambia hivyo kwa adabu.

Picha haikunipendeza kama zile kazi nyingine mbili. Mama ni yule yule, na leso yake ni kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi zimekolea vizuri sana. Ila amemweka ufuoni, jahazi nyuma yake na minazi imeinama. Nani anakwenda kukunia nazi ufuoni? Kazi hiyo ni ya uani, karibu na jiko. Naona bahari aliiweka kwa ajili ya wageni wanaonunua picha, na uso nao umetoka bapa, hauna ule uzito wa sanamu. Nimeitundika ukumbini, lakini nikiwa na la kuchagua nabaki na mti.

Sasa nembo, ambayo ndiyo hasa iliyonipeleka. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 nafungia mifuko ya karatasi ya kaki, na nilitaka alama yangu juu yake. Nilikwenda nikidhani atanichorea kwenye kompyuta. Akachukua sanamu, akaigeuza ubavu, akamchora yule mama kwa mistari mitatu: mgongo, mkono, na mbuzi. Basi. Halafu akaichonga kwenye kipande cha mti kama muhuri, herufi zimegeuzwa kinyume. Muhuri wa kwanza ulinisumbua, kwani matumbo ya A mbili na R katika neno MAHAMRI yalijaa wino, yakatoka madoa meusi. Nilimpelekea mfuko mmoja uliochafuka. Aliutazama kimya, akachukua patasi nyembamba, akayapanua matumbo na kuyachimba zaidi mbele yangu. Tangu siku hiyo napiga mihuri mia moja kila alfajiri na kila mmoja unasomeka. Wateja wananiuliza yule mama ni nani. Wengine wanaikata alama na kuibandika kwenye friji.

Nembo na muhuri pamoja vilinigharimu 6,000. Aliahidi wiki mbili, ikawa tano, kwa hiyo mwenye haraka ya ufunguzi wa duka ampe kazi mapema. Nenda baada ya alasiri, mchana huwa amefunga. Na kama unataka sanamu, muulize mti umekatwa lini kabla hujatoa pesa.

Mimi nimeshamwagiza muhuri wa pili, wa kaimati, niupate kabla ya Ramadhani.